Mjuniperi uliopoteza umbo: anza na matawi, mizizi isubiri

Dada, umeuliza kama unaweza kuupogoa mjuniperi wako wa bonsai (mti unaotunzwa ubaki mdogo ndani ya chungu) uliopoteza umbo na kuuhamishia chungu kipya siku hiyohiyo. Tafadhali usifanye hivyo. Miti mingi ya aina hii hufa kwa kubebeshwa kazi mbili nzito kwa pamoja. Msimu huu shughulikia umbo tu. Mizizi iache mpaka mti uchipue tena kwa nguvu.

Mjuniperi huhifadhi nguvu nyingi kwenye majani, kwa hiyo acha mengi kuliko unavyotamani. Na usikate tawi ukabakiza kijiti kitupu: pale pasipo na kijani hata kidogo hapachipui tena, tawi linakauka moja kwa moja. Fupisha hadi kwenye chipukizi lililo karibu na shina, basi. Ncha usizikwanyue kwa kucha, zitageuka kahawia. Tumia mkasi mkali.

Matawi yanayopanda juu yazungushie waya wa alumini, uyainamishe taratibu, kisha uyakague mara kwa mara. Waya ukianza kuzama kwenye gome, ukate vipandevipande kwa koleo, usiuzungushe kuufungua.

Ukimaliza, uweke mti nje penye kivuli chepesi wiki chache, halafu urudishe juani. Sebuleni hapana kabisa! Mwagilia pale udongo wa juu unapoanza kukauka, bila kufuata ratiba. Na rangi ya kijani isikudanganye, maana mjuniperi ulioharibika mizizi hubaki kijani kwa wiki kadhaa.