Aliyeolewa naye apewe PrEP? Nilivyowahi kujibu vibaya
Mkuu umeuliza kama PrEP, vile vidonge vya kujikinga na VVU, ni vya makundi hatarishi tu au hata mtu aliye kwenye ndoa apewe. Mi nimekaa miaka chumba cha ushauri na upimaji na hili swali nlishawahi kulijibu ovyo kabisa.

Tulikua na fomu ya mchujo. Una wapenzi wangapi, kondomu unatumia, umeugua zinaa karibuni, unajidunga. Akaja mama mmoja, mwanaume wake ni mume tu, mengine yote hapana, nikatiki mpaka chini nikamwambia mama we huna hatari. Akanyanyuka, kafika mlangoni kashika kitasa akageuka, "Mbona fomu yako haijauliza mume wangu anao wangapi?" Niliishiwa pozi. Nikamwambia rudi ukae.

Toka siku ile fomu naitumia kuanzisha maongezi tu. Mtu akija mwenyewe kuomba, mara nyingi kuna kitu anakijua na hawezi kukitamka mbele yangu, na hata mwongozo wa 2021 wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, unasema anayeomba apewe hata kama hajataja hatari yoyote. WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015 walisema wapewe walio kwenye hatari kubwa, sisi tukaigeuza ikawa aina ya watu, wakati hatari ni kipindi, mwaka huu unayo mwakani huna.

Ninapokaza ni kwenye vipimo. Lazima awe hana VVU, maana PrEP ya vidonge ni nusu dozi kwa mwenye virusi, inaweza kumletea usugu bure, virusi visisikie dawa. Na kama ameshakutana na hatari ya kuambukizwa na hazijapita saa 72, huyo anaanza PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio, siku 28 kwanza. Figo na homa ya ini B ziangaliwe pia, halafu kupima VVU kila miezi 3.

Wasioihitaji nao wapo. Kama mwenzio ana VVU ila anameza ARV, dawa za kupunguza virusi, vizuri na virusi havionekani kwenye kipimo, hakuambukizi kwa tendo, hapo PrEP ni ya ile miezi ya mwanzo kabla virusi havijashuka (au kama una wasiwasi anaruka dozi, na hilo we ndo unalijua).

Yule mama alichukua. Kabla hajatoka akaomba pamba kidogo, akaishindilia ndani ya kopo la vidonge, akalitikisa sikioni mpaka likanyamaza ndo akalitia kwenye mkoba.