Ichane hiyo karatasi ya dozi

Hiyo karatasi ya mililita za dawa uliyouziwa na wenzako wa uuguzi mwaka wa pili ichane leo, mdogo wangu. Nimesoma ujumbe wako, na nilipofika pale uliposema hesabu ulipata F kidato cha nne, kwa hiyo utakariri tu mililita za kila dawa, mwili ukanisisimka.

Mimi yangu niliinunua shilingi 2,000, kopi ya kopi, herufi zimefifia. Iliandikwa: gentamicin (dawa ya sindano ya kuua bakteria), kichanga wa kilo 3, mililita 1.5. Nikaishika kama sala. Nikiwa mazoezini wodi ya vichanga, zamu ya usiku, daktari kaandika miligramu 15. Nikavuta mililita 1.5, nikachoma.

Kumbe aliyeandika karatasi alikuwa na ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) ya miligramu 20 kwa mililita 2. Hapo kila mililita ina 10, na 1.5 inatoa 15 kamili. Ya kwangu ilikuwa ya miligramu 80 kwa mililita 2, kila mililita ina 40. Zidisha kwa 1.5: miligramu 60! Mara nne! Nilitakiwa kuvuta mililita 0.375, tena kwa bomba la sindano la mililita 1, si lile la 5 nililoshika.

Asubuhi dada wa zamu akaona ampuli tupu kwenye trei, akafungua faili, akaniuliza nimevuta kiasi gani. Miguu iliniisha nguvu. Gentamicin ikizidi inaumiza figo na masikio. Dozi iliyofuata ikasimamishwa, mtoto akatolewa damu ya kupima figo, nasi tukawa tunapima uzito wa kila nepi kujua kama mkojo unatoka. Mama yake akaniuliza, "Nesi, mbona leo mwanangu hachomwi?" Nikainama. Daktari ndiye aliyemweleza, mimi nimesimama pembeni. Figo zilikutwa salama, wakaruhusiwa. Sauti ya yule mama ninayo mpaka leo.

Yule kaka aliyetuuzia sijamsamehe. Alijua tunaogopa hesabu, akaifanya hofu yetu mtaji. Na mwalimu aliyetwambia "nyie wa cheti wekeni kichwani tu" naye ana sehemu yake. Kukariri mililita ni kukariri namba ya nyumba bila kujua mtaa.

Shika hili: miligramu kwanza, ndipo mililita, na mililita huzigusi kabla hujasoma kwa sauti lebo ya ampuli iliyo mkononi mwako. Namba isiyo na kipimo kando yake ifute. Famasi wakileta dawa ileile ya kiwanda kingine, anza upya. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: unachotaka, gawanya kwa kilichomo, zidisha kwa ujazo wake. 15 gawanya kwa 80, zidisha kwa 2. Ile F haikuzuii.

Hata matone ya dripu ni hivyohivyo. Lita 1 kwa saa 8, mrija wa matone 20 kwa mililita, ni kama matone 42 kwa dakika. Lakini ipo mirija ya matone 60, kwa hiyo soma pakiti yake kwanza.

Ukishaichana, fanya hii uilete hapa: mtoto wa kilo 10, paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5. Nitatafuta mstari wa miligramu kabla sijaangalia jibu.