Anza na shina la panga: ushauri kwa anayetaka kuunda helikopta

Vijana wengi wanaonionyesha michoro ya helikopta zao huwa wameanza na kibanda cha rubani. Viti vimepangwa, kioo kimechorwa, hata rangi imeshachaguliwa. Injini nayo imepatikana, mara nyingi ya gari. Ukiuliza panga, yaani bawa linalozunguka juu, limefungwaje kwenye kichwa cha rota, kile kitovu kinachoyashika mapanga, unaonyeshwa mstari mmoja wa kalamu. Mimi nakushauri ugeuze mpangilio huo. Chora kwanza shina la panga, pale linaposhikana na kichwa cha rota, kisha teremka taratibu hadi kwenye injini. Kibanda kije mwisho.

Sababu utaiona ukishika kikokotoo. Chukua helikopta ya watu wawili, ya ukubwa wa Robinson R22 au Rotorway Exec: kipenyo cha rota mita 7.6 hivi, mizunguko 520 kwa dakika. Ncha ya panga inakwenda mita 207 kwa sekunde. Panga la kilo 12, ambalo kitovu cha uzito wake kiko katikati ya urefu, linalivuta shina kwa nguvu ya karibu tani 7. Mashine yenyewe, pamoja na watu na mafuta, haifiki kilo 700. Kazi kubwa ya bolti ya shina basi ni kulizuia panga lisichomoke. Kuibeba helikopta ni mzigo mdogo ukilinganisha. Gramu 10 za rangi zilizozidi kwenye ncha ya panga moja zinavuta kama kilo 11 na ushee, ndiyo maana mapanga husawazishwa yakiwa yameshapakwa rangi na kukauka.

Tani hizo 7 hazitulii. Helikopta ikienda mbele, panga linakutana na upepo mkali upande mmoja na hafifu upande wa pili, kwa hiyo linapindapinda kila mzunguko. Ni mara 31,200 kwa saa. Saa 100 za kuruka ni zaidi ya mara milioni 3. Chuma kizuri, mkazo ukibaki chini ya kiwango fulani, kinaweza kuvumilia marudio hayo karibu bila kikomo. Alumini haina kiwango cha namna hiyo: hata mkazo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, mwishowe huleta ufa. Mtu akikuambia ameijaribu sehemu yake kwa kuining'inizia mawe na haikukatika, mwulize imebeba mara ngapi.

Ufa una mahali unapopenda kuanzia: kona kali, tundu lililotobolewa na kuachwa na makali, ukingo wa weldingi, mkwaruzo wa msumari uliotumika kuchorea alama. Kwenye alumini tumia kalamu ya wino. Fundi kereza akikupunguzia shafti kutoka milimita 35 hadi 30 ili beringi ipate pa kukaa, mwambie asiache ngazi ya pembe mraba. Aache mviringo kwenye kona na ausugue mpaka usione alama ya kisu. Mviringo huo uwe mdogo kuliko ule wa ukingo wa beringi, la sivyo beringi itapanda juu yake na haitafika mwisho. Ukitaka mviringo mkubwa zaidi, weka pete kati ya ngazi na beringi, na uipunguze pete hiyo kona ya ndani. Ni kazi ya nusu saa, nami naiona ya thamani kuliko wiki nzima ya kutengeneza milango.

Bolti za sehemu zinazozunguka zinunuliwe kwa wauzaji wa vipuri vya ndege, zikiwa na karatasi zake. Sehemu isiyo na meno ndiyo ikae ndani ya tundu, na meno yaanze nje. Toboa tundu dogo kwanza, kisha limalizie kwa rima, kifaa cha kupanua na kulainisha tundu, hadi bolti iingie bila kuchezacheza.

Swali ninaloulizwa sana ni kuhusu difu ya gari: kwa nini isisimamishwe wima iwe giaboksi ya rota? Injini ya kilowati 110 kwenye mizunguko 2,700 inatoa nguvu ya kuzungusha iliyo chini ya nyutoni-mita 400. Kilowati hizo hizo zikifika kwenye rota ya mizunguko 520, shafti inabeba zaidi ya 2,000. Gari hutumia nguvu zote za injini kwa sekunde chache tu, wakati wa kupita lori au kupanda mlima. Helikopta inayoning'inia hewani inazitumia nyingi mfululizo. Tena rota inaivuta shafti kwenda juu kwa uzito wote wa mashine, mzigo ambao beringi za difu hazikuwekewa hesabu. Na ukiisimamisha, oili inashuka chini na meno ya juu yanakauka. Sijaona njia ya kuyatatua hayo yote bila kuunda giaboksi mpya, kwa hiyo acha difu kwenye gari.

Kati ya injini na rota lazima iwepo friwili, kama ile ya baiskeli: injini ikizima, rota iendelee kuzunguka kwa upepo unaopanda wakati unashuka. Rota ya mkia iunganishwe upande wa rota kuu, baada ya friwili. Nimeona mchoro ulioiunganisha upande wa injini. Injini ikizima hapo, rubani anabaki bila usukani wa mkia wakati anauhitaji mno.

Shafti ndefu ya mkia nayo ina kasi yake ya hatari, ambapo huanza kupinda na kujipiga yenyewe. Bomba la chuma la milimita 25, unene milimita 2, likishikwa na beringi mbili zilizoachana mita 1.5, hufika hapo kwenye mizunguko kama 1,740 kwa dakika. Ongeza beringi katikati na kasi hiyo inapanda mara nne, karibu 7,000. Kubadili chuma kuwa alumini hakukusaidii hapa, maana wepesi na ulaini wake karibu vinafutana. Kinachosaidia ni bomba nene zaidi kwa kipenyo, au beringi kukaribiana.

Nguvu ya injini ipimie mahali utakaporukia. Nairobi na Mbeya, kwenye mita kama 1,700, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani, na injini isiyo na turbo, kifaa cha kuisukumia hewa, inapungukiwa vilevile. Jua kali linazidisha.

Kabla ya kuwasha, nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, na mchoro mkononi. Ukienda mashine ikiwa tayari, wakaguzi hawawezi tena kuona kilichofunikwa. Majaribio ya kwanza yawe mashine imefungwa ardhini, na mtu yeyote asisimame kwenye usawa wa mapanga. Kila nati ichorwe mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye kipande kilichofungwa. Zima baada ya dakika chache, kagua mistari, tafuta unga mwekundu kuzunguka viungo vya chuma au mweusi kwenye alumini. Unga huo ni dalili kwamba vipande viwili vinasuguana mahali ulipodhani vimekaza. Fungua kiungo hicho siku hiyo hiyo.