Filamu Darasani: Isimamishe Kabla ya Kura ya Pili

SWALI: Nafundisha uongozi katika chuo kimoja. Muhula uliopita niliwaonyesha wanachuo filamu nzima ili tujadili mienendo ya watu kazini. Waliifurahia, lakini nilipowauliza wamejifunza nini, walinisimulia hadithi tu. Je, filamu hazifai kufundishia?
Mkufunzi, Morogoro

JIBU: Mwalimu, zinafaa sana, ila mtazamaji asiyepewa kazi atabaki na hadithi. Jaribu 12 Angry Men ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Sidney Lumet. Ina dakika 96, na karibu zote zinapita ndani ya chumba kimoja mjini New York, siku ya joto kali, ambamo wanaume 12 wa baraza la mahakama, raia wa kawaida ambao lazima wakubaliane wote, wanaamua iwapo kijana anayedaiwa kumuua baba yake ana hatia.

Kura ya kwanza ni ya kunyoosha mikono. Waambie wanachuo waitazame mikono yenyewe: mingine inapanda papo hapo, mingine inajivuta baada ya mwenyewe kuwatupia wenzake jicho. Wanapatikana 11 wa hatia na mmoja wa kupinga, anayeigizwa na Henry Fonda. Rudisha kipande hicho mara mbili, kwa kuwa vikao vingi vya ofisini huamuliwa na mikono hiyo inayojivuta.

Baadaye Fonda anaomba kura ya siri, yeye asipige, na anaahidi kwamba wote 11 wakishikilia hatia, hatawapinga tena. Isimamishe hapo, kila mmoja aandike utabiri wake na sababu zake. Karatasi moja inapinga hatia, nayo ni ya mzee ambaye bado anadhani huenda kijana ana hatia, lakini anamheshimu aliyesimama peke yake na anataka kusikia zaidi. Hapo ndipo pa kuwaeleza majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, ambamo mtu alilinganisha urefu wa mistari huku wenzake wakitoa jibu la makosa kwa makusudi, yaliyoonyesha kwamba mtu akipata mwenzake mmoja tu wa kumuunga mkono, shinikizo la wengi hupungua mno.

Ukibaki na muda, waonyeshe yule mwenye tiketi ya mchezo wa besiboli, anayebadili kura ili wamalize upesi, na fundi saa mhamiaji anayembana aeleze sababu. Kisha wape kazi ya kuandika muhtasari wa kikao hicho, na uone kama kura ya huyo mwenye tiketi itaandikwa tofauti na ya yule mzee.