Umeachishwa kazi na madeni yamekuzunguka? Usianze kulipa anayepiga kelele

Ukipewa barua ya kuachishwa kazi, simu inaanza kujaa hata kabla pesa ya mwisho haijaingia kwa akaunti. Apu za loni zinapiga, benki inapiga, sacco wanapiga, na mwenye nyumba ashasikia kwa majirani. Mimi nimepitia hiyo hali hapa Nakuru, nilikuwa kwa kiwanda kimoja cha Industrial Area wakapunguza watu, na kama kuna kitu kimoja nataka ushike ni hiki: anayepiga kelele sana si lazima awe ndiye anaweza kukuumiza sana. Panga madeni yako ukiangalia nani anaweza kukutoa kwa nyumba, nani anaweza kukata mshahara wa rafiki yako juu yako, nani ameshika title ya shamba. Usipange ukiangalia nani amekutusi leo asubuhi.

Lakini kwanza hakikisha umepata haki yako yote, juu hapa kwetu Kenya hakuna pesa ya serikali ya kila mwezi ya mtu aliyekosa kazi. Ile uko nayo ni ile sheria inamlazimisha mwajiri alipe. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri akipunguza watu lazima atoe notisi ya mwezi mmoja na ofisa wa leba ajulishwe, ulipwe siku zako za likizo zilizobaki, na juu ya hiyo ulipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Yaani nusu mshahara hivi kwa mwaka. Mtu wa mshahara wa 36,000 aliyemaliza miaka 7 anaongea kama 126,000, kando na likizo na notisi, alafu KRA anachukua yake hapo, kwa hivyo usianze kuahidi watu pesa ukitumia hesabu ya kabla ya kodi. Hiyo ni kiwango cha chini, kama mlikuwa na chama cha wafanyakazi angalia mkataba wenu, unaweza kuwa unasema zaidi.

Kitu kingine, soma karatasi kabla ya kusaini. Kuna tofauti kubwa kati ya kuachishwa na kujiuzulu, na kuna mahali mtu anawekewa karatasi mbele yake inasema ameondoka kwa hiari, anasaini haraka juu ameambiwa cheki iko tayari. Usisaini. Barua inafaa iseme wazi kwamba nafasi yako imeondolewa, na uombe cheti cha kuonyesha ulifanya kazi hapo kutoka lini hadi lini, hicho sheria inakupa. Wakikataa, ofisi ya leba ipo Nakuru, ipo Kisumu, na mahakama ya kazi nayo ina kituo kwa miji yote mbili.

Hiyo barua ina kazi nyingine ambayo wengi hawajui. Mikopo mingi ya benki huwa na bima, ulikatwa pesa yake siku ile ulipewa loni na hukuuliza ni ya nini. Watu wanadhani ni ya kifo peke yake. Baadhi ya hizo bima zinalipa miezi kadhaa ya mkopo kama umeachishwa kazi, lakini zinataka ushahidi kwamba hukujiuzulu na zinataka ujulishe mapema. Nenda uulize, "Hii loni yangu iko na bima ya kupoteza kazi?" Wakisema hakuna, omba wakuonyeshe kwa mkataba. Kama haipo kweli, hapo ndio unaomba muda uongezwe ili makato ya mwezi yapungue. Na benki ina mpaka pia: tangu 2007 sheria ya benki inasema loni ikishindwa kulipika, riba wanayoweza kudai kuanzia hapo haiwezi kupita deni la msingi lililokuwa limebaki wakati huo. Kwa hivyo ukiona deni limepanda mpaka halieleweki, uliza hesabu imefanywa aje.

Sasa mpangilio wenyewe. Chukua daftari, andika kila deni, umebakisha ngapi, na mbele yake andika, "Nisipolipa miezi mitatu, nini inafanyika?" Hiyo safu ya mwisho ndio itakuonyesha njia. Langu lilianza na nyumba, unga, tokeni za stima na nauli ya kutafuta kazi. Hiyo si deni lakini ndio inakuja kwanza, juu mtu aliyefungiwa nyumba hatafuti kazi, anatafuta pa kulala. Nilienda kwa mwenye nyumba na barua mkononi kabla tarehe 5 haijafika, nikamwambia nitalipa nusu nusu. Huyo mama aliniambia, "Ukiniambia mapema nitajua venye nitapanga, ukininyamazia nitaona ni madharau." Tukaandikiana. Kuna wenye nyumba wagumu, najua, lakini hata huyo mgumu ni rahisi kuongea naye kabla ya tarehe kuliko baada.

Ya pili niliweka sacco, na hapa nataka tukae kidogo juu ndio mahali urafiki unavunjikia. Loni ya sacco imesimama juu ya wadhamini. Usipolipa hawakuji wewe kwanza na mnada, wanageukia akiba yako, na ikikosa kutosha wanakata wale waliokusainia. Sasa fikiria kiwanda kimepunguza watu, wadhamini wako ni wale mlikuwa mnakula nao chapo na ndengu saa ya lunch, wengine wameachishwa na wewe, na wale wamebaki kazini ndio watakatwa peke yao. Mimi mdhamini mmoja alikuwa amebaki. Nilimpigia kabla sacco haijampigia. Nikamwambia deni limebaki 140,000, akiba yangu ni 95,000, ninaenda kuomba akiba ilipe loni, ibaki 45,000 na hiyo nitaigawa kidogo kidogo. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Sawa, bora nijue." Huyo mtu mpaka leo tunasalimiana vizuri, na hiyo kwangu ina thamani kuliko hizo pesa.

Ukienda sacco enda kwa ofisa wa mikopo mwenyewe, usiishie kwa yule wa kaunta. Uliza kama unaweza kupunguziwa makato ya mwezi bila kuingia kwa orodha ya walioshindwa, na uliza akiba ikilipa loni wewe unabaki mwanachama ama unatoka. Majibu yanatofautiana kutoka sacco moja hadi nyingine. Pia kama wewe umedhamini wengine, akiba yako imeshikwa mpaka wapate mtu wa kukubadilisha, anza kuongea nao mapema.

Apu za simu ziko chini kabisa kwa daftari langu, na najua hizo ndizo zinakunyima usingizi. Tangu 2022 kampuni za loni za simu zinatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na sheria hizo zinawakataza kukutisha, kukutusi, ama kupigia watu walio kwa simu yako kuwaambia una deni. Wakifanya hivyo weka skrinshoti, andika namba na saa, upeleke malalamiko kwa Benki Kuu ama kwa Kamishna wa Kulinda Data. Na wakikutishia na polisi, jua polisi hawakuji kukushika juu ya deni la apu, deni ni kesi ya madai, wasikudanganye. Sisemi usilipe. Lipa, lakini kwa zamu yake, na usikope apu moja kulipa nyingine, hiyo ndio inazamisha watu. Kwa CRB, wale wanaoweka rekodi za nani analipa mikopo na nani halipi, deni la chini ya shilingi 1,000 halifai kukuweka kwa orodha mbaya, na wanafaa kukupa notisi kabla ya kukuweka.

Fuliza, ile loni ya M-Pesa ya kujazia salio lisipotosha, nayo ina shida ya aina yake. Kila pesa ikiingia M-Pesa inaliwa na deni kwanza. Ndugu yangu wa Kakamega alinitumia 500 ya chakula, meseji ikaingia, na chini yake ingine ikasema Fuliza imejilipa, nikabaki na kama 60. Kama watu wanataka kukusaidia waambie walipe moja kwa moja, paybill ya shule, tokeni kwa mita yako, ama kwa laini ya mama watoto. Ukishaimaliza jiondoe kupitia *234#.

Kwa NSSF, ile akiba ya uzeeni ya serikali, usiweke matumaini ya karibuni, hiyo inaangalia umri, na ukiwa chini ya miaka 50 kupoteza kazi peke yake hakukufungulii. Kama kampuni ilikuwa na pensheni yake kando, uliza ni sehemu gani unaweza kupata saa hii na ni gani inabaki, na kama unaweza kuiacha iendelee kukua fanya hivyo. SHA, bima ya afya ya serikali, usiiache ikatike. Ukiwa na mshahara ulikuwa unakatwa asilimia 2.75, sasa ingia *147# ujisajili upya kama mtu asiyeajiriwa, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi lakini inalipwa ya mwaka mzima, kwa hivyo itoe kwa ile pesa ya kuachishwa kabla haijaisha. Nimeona familia hapa Kaptembwa ilikuwa imepanga madeni vizuri kabisa, mtoto akalazwa, wakarudi kuomba loni za apu.

Huku kwetu hii si aibu ya mtu mmoja. Webuye walijua Pan Paper ikifungwa 2009, Nakuru tukaona kiwanda cha betri cha Eveready kikifungwa 2014, na wale walikuwa wafanyakazi wazuri. Kwa hivyo ambia watu wa nyumba ukweli, hata watoto wakubwa, na uchukue fomu za basari za CDF, ule mfuko wa eneo bunge, na za kaunti mapema juu zina tarehe.

Ukienda kuandikia mkopeshaji usiandike hadithi ndefu. Mimi niliandika hivi: "Nafasi yangu ya kazi iliondolewa tarehe fulani, barua nimeambatanisha. Nadaiwa kiasi hiki. Kwa sasa naweza kulipa 1,500 kila tarehe 10 kwa miezi sita, kisha tuangalie tena. Naomba mnijibu kwa maandishi." Weka kiasi ambacho unaweza kulipa hata mwezi mbaya. Chapisha mbili, wapige muhuri kwa ile yako, na urudi nayo nyumbani.