Mtoto wa miaka 3 meno ya mbele yanaoza, niyaache yang'oke yenyewe?

Dada, umesema meno ya mbele ya mwanao yamekuwa kahawia na bibi yake anakwambia ni ya utoto, achana nayo yatang'oka tu. Usiyaache. Mimi niliambiwa hivo hivo nikaacha.

Wangu alikuwa halali bila chupa, maziwa yenye sukari, siku nyingine juisi, analala nayo mdomoni mpaka asubuhi na mimi nashukuru kalala maana nilikuwa narudi kazini usiku nimechoka. Alipofika mwaka na nusu hivi nikaona mstari mweupe kama chokaa kwenye meno mawili ya juu, pale jino linapoingia kwenye fizi, nikajua ni maziwa yameganda, nikafuta na kitambaa haukutoka. Kumbe kuoza ndo kunaanzaga hivo, na pale ndo ningewahi, ningekata chupa ya usiku na kumpiga mswaki vizuri lingepona bila hata kuzibwa. Baadae ukawa njano, ukawa kahawia, af yakaanza kumeguka. Ya chini meupe kabisa, ndo maana sikushtuka. Daktari alikuja kunielewesha kwamba mtoto akinyonya ulimi unayafunika ya chini na mate yanayaosha, maziwa yanatuama juu.

Akiwa na miaka 4 ikafika kwenye gego. Usiku analia kashika shavu, nampa Panadol, asubuhi anacheza, nasema limepita. Siku ya tatu kaamka shavu limevimba mpaka jicho halifunguki vizuri, kwenye fizi kuna kipele cha usaha. Likang'olewa, tumemshika watu wazima watatu, kile kilio mpaka leo nakisikia. Ndo nikajua jino la ukubwani linajitengeneza pale pale chini ya la utoto, usaha ukikaa unaweza kuliharibu kabla halijatoka, na gego likitoka mapema ya jirani yanasogea yanaziba nafasi. Na hayo magego ya utoto mengine yanakaa mpaka miaka 10, 12, sa mtoto wa miaka 3 atatafunia nini muda wote huo?

Kitu kingine wengi hatujui, kwenye miaka 6 hivi linaota gego la ukubwani nyuma kabisa, halisubiri jino lolote ling'oke, kwahiyo mzazi anadhani nalo la utoto. Hilo likioza hakuna lingine.

Chupa usimkatie ghafla, mtalia wote. Mimi kila usiku nilikuwa napunguza maziwa naongeza maji, kama wiki mbili ikawa maji matupu akaiacha mwenyewe. Mswaki mpige wewe, mkono wake bado hauwezi, asubuhi na kabla ya kulala, dawa yenye floraidi ya ukubwa wa njegere (chini ya miaka 3 ni punje ya mchele tu), ateme asisukutue na maji mengi. Akishapiga mswaki wa usiku ni maji tu.

Leo akilala mnyanyue mdomo wa juu umulike na tochi ya simu, magego pia, af wiki hii hii mpeleke kwa daktari wa meno hata kama halalamiki maumivu. Na bibi usigombane nae, wanawe hawakulala na chupa ya juisi mdomoni.