Paladini ana ngao tayari, mtafutie upanga

Swali: Shikamoo mwalimu. Nacheza Desktop Dungeons, mchezo wa kompyuta wa kupigana na maadui pangoni, kwenye laptop, na juzi nimefungua Paladini, mhusika askari mtakatifu. Nimempa asili (yaani kabila la mhusika) ya Dwarf, mbilikimo. Niliona kwamba mtu mwenye ngao na tiba, ukimwongezea uhai mwingi, nani atamwangusha? Kweli haanguki ovyo, lakini bosi, yule adui mkuu wa pango, naye haanguki. Ramani inaisha yote, bosi amebakiza uhai kidogo tu, mimi sina mana (nguvu ya uchawi) wala chupa ya dawa. Nimekosea wapi? Nibadilishe asili, au mungu ninayemfuata mchezoni? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu kosa ulilofanya hulifanya mtu anayefikiri. Asiyefikiri hawezi kufika kwa bosi na Paladini halafu akamwacha na uhai kidogo. Natengeneza michezo ya simu, ndiyo kazi inayonilisha, na Desktop Dungeons ndio mchezo ninaowapa vijana wapya ofisini wausome kabla hawajaandika mstari mmoja wa msimbo wa programu. Waliouunda ni QCF Design wa Cape Town. Ulitwaa tuzo ya usanifu ya Independent Games Festival mwaka 2011, ukaingia sokoni rasmi 2013. Ukitazama juujuu ni mchezo wa mapigano, lakini kwa ndani ni fumbo la hesabu. Maadui hawakufuati. Wamekaa pale pale walipo wakisubiri uwahesabie.

Kwa hiyo tuanze na hesabu, asili itakuja yenyewe.

Pango lina miraba 20 kwa 20. Kila mraba wa giza unaoufunua unakurudishia uhai sawa na levo yako, pamoja na mana 1. Hilo kila mchezaji analijua. Linalosahaulika ni kwamba adui uliyemjeruhi naye anapona unapofunua miraba, na yeye anapona kwa levo yake. Bosi ana levo kubwa kuliko yako. Chukua Paladini wa levo 6 anayepigana na adui wa levo 9. Ukimjeruhi halafu ukaenda kufunua miraba 5 upumue, wewe unarudisha uhai 30, yeye anarudisha 45. Pigo lako la kawaida katika levo 6 ni 30. Umetumia miraba mitano ya akiba, umepata nguvu ya kumpiga mara moja zaidi, na bado umerudi nyuma hatua 15. Mwanangu, ndipo ramani yako ilipoishia.

Sasa tazama Paladini amepewa nini. Anaanza na glifu, yaani alama ya uchawi, ya HALPMEH, inayokula mana 5, inakurudishia uhai na kuondoa sumu. Ana pia kinga ya asilimia 25 dhidi ya mapigo ya kawaida. Watu huiona HALPMEH kama dawa ya kunywa baada ya vita. Mimi naiona kama muda wa bure katikati ya vita, kwa sababu ukiitumia hujafunua mraba wowote, na adui hajapona hata tone. Paladini ndiye anayeweza kuendelea kupiga bila kumpa adui nafasi ya kupumua. Kwa hiyo kinachohitaji kuongezwa ni lile pigo analopiga katika nafasi hiyo.

Hapo ndipo Dwarf anapokuangusha. Nitakuonyesha kwa namba. Adui ana uhai 190 na anapiga 24. Kwa ngao yako, pigo lake linashuka hadi 18. Paladini wa levo 6, akiwa na uhai wake wa kawaida wa 60, anavumilia mapigo matatu, na kwa mana 10 anatumia HALPMEH mara mbili, kila moja ikimpa nafasi ya pigo moja. Jumla anapiga mara tano. Sasa tuseme umeshageuza glifu na vifaa vya kutosha, yaani umeviteketeza ili asili yako ikulipe, ukapata zawadi ya asili mara tatu. Dwarf huongezewa uhai 1 kwa kila levo katika kila zawadi, kwa hiyo unapata 18 zaidi, unafika 78, unapiga mara sita: 180. Adui amebaki na 10. Human, asili ya binadamu, huongezewa asilimia 10 ya pigo katika kila zawadi. Pigo la 30 linakuwa 39, mara tano ni 195. Adui amelala.

Tofauti ni ndogo, nakubali, lakini katika mchezo huu vita nyingi huamuliwa na tofauti ndogo kama hiyo, na barua yako yenyewe ndiyo ushahidi: bosi alibakiza kidogo.

Unaweza kuniuliza, mbona si asili ya Orc, naye si wa kuongeza pigo? Orc huongezewa 2 kwenye pigo la msingi katika kila zawadi. Pigo la msingi hukua kwa 5 kila levo, kwa hiyo katika levo 4 pigo ni 20, na asilimia 10 ya 20 ni 2. Hapo wako sawa. Chini ya levo hiyo Orc anatangulia, juu yake Human anamwacha mbali. Paladini ni mtu wa vita virefu vya mwisho, hivyo mpe Human. Asili ya Elf, inayoongeza mana, anavutia kwa macho, ila kumbuka HALPMEH inakwenda kwa tano tano. Kutoka 10, kila nyongeza isiyokufikisha 15 inakaa bure.

Kuna mahali Dwarf wako anafaa, na hapo usiogope kumrudisha. Bosi akiwa na pigo la kukuua mara moja ukiwa na uhai kamili, pigo lako kubwa halina kazi, kwa kuwa hutapata nafasi ya kulitumia mara ya pili. Soma bosi kwanza, ndipo ugeuze glifu. Wengi hugeuza kila wanachookota papo hapo, halafu wanalia mbele ya mlango.

Ngao yako nayo ina tundu. Inazuia mapigo ya mwili tu. Maadui kama Warlock na Dragon Spawn wanapiga kwa uchawi, kwao ngao ni pambo. Wraith ni mbaya zaidi: anapiga kwa uchawi, na juu yake anakuunguza mana, yaani anakunyang'anya HALPMEH yenyewe. Mwache mwisho, au mtafute ukiwa na chupa ya kutibu. Kwa upande mwingine, nyoka wa sumu wanaowatesa wengine, kwako ni riziki, maana glifu yako inatibu sumu.

Kuhusu glifu nyingine: moto wa BURNDAYRAZ unakula mana 6. Sita na tano ni kumi na moja, na wewe una kumi. Ukirusha moto mara moja, umejinyima tiba zote mbili, kwa sababu nne iliyobaki haitoshi hata moja. Geuza BURNDAYRAZ bila huruma. Ukikutana na CYDSTEPP, ile inayokukinga na kifo mara moja, inakula mana zote 10, kwa hiyo tafakari, usiibebe kwa mazoea.

Mungu ni swali rahisi. Taurog anachukia mtu anayetumia glifu, na Paladini bila HALPMEH ni askari wa kawaida mwenye ngao. Usimguse, hata madhabahu yake ikiwa ya kwanza kukutana nayo. Mystera Annur anapenda uchawi utumike, na wewe ungeutumia hata bila yeye, kwa hiyo nenda kwake.

La mwisho, na kama utachukua moja tu katika barua hii, chukua hili. Kupanda levo kunajaza uhai wote na mana yote, na jeraha la bosi linabaki palepale. Tafuta adui mdogo karibu na bosi, umwache hai, ni kifaranga chako cha akiba. Pandisha uzoefu wako mpaka ubakize kidogo kupanda. Mpige bosi mpaka uishiwe kabisa, HALPMEH mbili zimekwisha, kisha geuka umuue yule mdogo. Umepanda, umejaa, una tiba nyingine mbili, na bosi hajapona hata kidogo. Hesabu ile ya mapigo matano inaanza upya.

Kama una toleo la Rewind la mwaka 2023, lile linalokuruhusu kurudisha mchezo nyuma, rudi hapo hapo ulipofunua miraba ile ya mwisho ukimkimbia bosi. Jaribu tena na Human, kifaranga kikiwa hai, kisha niandikie bosi gani alikuwa.